Funga, Fungua na Futa: Maneno ya Menyu Yalivyofika Tukuyu

Wafasiri wa lugha yetu wamezoea kuletewa maneno mazito. Mikataba, sheria, ripoti za wataalamu wa kilimo, vitabu vya fizikia: yote hayo yamepita mikononi mwao, na mengi yakapatiwa maneno ya kufaa. Lakini kundi lililowatia taabu kuliko mengine, kwa maoni yetu, ni la maneno mepesi kabisa, yale yanayopangwa juu ya kioo cha kompyuta: fungua, funga, hifadhi, chapa, kata, nakili, bandika, futa. Katika makala haya twakusudia kueleza historia ya maneno hayo, na hasa jinsi yanavyosomwa na watu wa Wilaya ya Rungwe, ambayo makao yake makuu ni Tukuyu. Tumeichagua Rungwe kwa kuwa ni mahali ambapo wengi huanza maisha kwa lugha nyingine, nacho Kiswahili kilifika huko kwanza kikiwa lugha ya kutoa amri. Na menyu, kama tutakavyoona, si kitu kingine ila orodha ya amri.

Yafaa kwanza tueleze kitu chenyewe, maana si kila mwalimu au mtumishi aliyekaa mbele ya mashine amepata nafasi ya kukitazama kwa utulivu. Juu ya kioo pana mstari wa maneno machache. Kila neno ni mlango. Ukilibonyeza, hushuka orodha ya maneno mengine, na kila moja katika hayo ni kazi ambayo mashine iko tayari kuifanya. Vistari vyembamba hutenga makundi. Pembeni mwa baadhi ya maneno huandikwa vifungo vya mkato, ili mwenye haraka asilazimike kufungua orodha. Tena ndani ya neno lenyewe herufi moja hupigiwa mstari, ili mtu aweze kuliita neno hilo kwa herufi hiyo bila kugusa kipanya. Mpango huu ulienea kwa kompyuta ya Macintosh mwaka 1984 na Windows mwaka 1985, na mwaka 1987 kampuni ya IBM ikatoa mwongozo uliokaza desturi ya mfuatano wa maneno hayo. Tangu hapo, mtu aliyejifunza programu moja aliweza kukisia nyingine.

Neno menyu lenyewe liliingia kwetu kwa mlango wa hoteli. Ni karatasi ya vyakula na bei zake. Wapo waliotaka liitwe orodha tu, kwa kuwa orodha ni neno letu la siku nyingi, lenye asili ya Kiarabu, tena lililozoeleka ofisini. Hoja yao haikuwa dhaifu. Hata hivyo orodha ina kazi nyingi mno: kuna orodha ya wanafunzi, orodha ya mali, orodha ya majina ya wapiga kura, nayo kompyuta yenyewe ina orodha nyingine zisizo menyu. Mfasiri akisema orodha, msomaji hujua kwamba kuna vitu vimepangwa. Hajui kwamba anatakiwa kuchagua kimoja. Menyu huleta wazo la kuchagua, maana hakuna aendaye hotelini akaagiza vyote. Kwa hiyo menyu ikashinda, na kwa maoni yetu ilistahili kushinda. Kwa bahati, hata neno la kuchukua kitu kutoka mtandaoni likatoka jikoni: twasema pakua, kama mtu apakuavyo chakula chunguni. Katika nchi ya ndizi kama Rungwe, hata hivyo, masikio husikia menyu yakakumbuka kumenya, na mwalimu wa kompyuta akiulizwa kama menyu ni kitu cha kumenywa asimkemee mwanafunzi. Mwanafunzi huyo amefanya kazi ambayo kila mwanaisimu hufanya, ya kutafuta mzizi.

Turudi kwenye neno amri. Wamoraviani walianzisha misheni yao Rungwe mwaka 1891, wakati uleule ambapo Waberlini nao walikuwa wakijenga vituo vyao katika nchi hiyo, na wote wawili walihubiri na kufundisha kwa Kinyakyusa. Serikali ya Kijerumani haikufuata njia hiyo. Kituo chake, kilichokuwa kwanza kando ya Ziwa Nyasa, kilihamishiwa Tukuyu yapata mwaka 1900 na kuitwa Neu Langenburg. Nalo boma lililojengwa hapo liliendeshwa kwa Kiswahili, kama maboma mengine ya koloni, kwa vinywa vya askari, makarani na maakida. Kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa katika koloni mwaka 1898, ilidaiwa kwa Kiswahili na kuandikwa katika orodha. Hivyo, kwa kizazi kizima, sala ilikuwa ya Kinyakyusa na amri ilikuwa ya Kiswahili. Hatusemi kwamba hali hiyo iliendelea. Shule, chama, muziki na soko viliifanya lugha hii kuwa ya watu wa Rungwe kama ilivyo ya watu wa Bagamoyo, na agizo la Januari 1967 la kutumia Kiswahili katika shughuli za Serikali liliwakuta wakiwa tayari. Lakini maneno yana kumbukumbu ndefu. Mzee wa huko akiambiwa kwamba katika kioo kuna amri zimepangwa, swali lake la kwanza ni la haki kabisa: ni nani anayemwamuru nani?

Swali hilo halikuulizwa mapema, kwa sababu kompyuta zenyewe zilikuja na kuzuiliwa. Ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mfumo wa hesabu wa wizara hiyo kwenda mrama, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ikaja kulegezwa katika miaka ya 1980. Msomaji wa gazeti kama hili hatakosa kuona sadfa iliyopo hapo, kwani mwaka huohuo wa 1974 ndio Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Miaka ambayo Tanzania iliunda istilahi kwa bidii kubwa kuliko zote ndiyo miaka ambayo mashine iliyozihitaji zaidi haikuwapo mezani.

Matokeo yake hayakuwa ukosefu wa maneno tu. Kazi ya istilahi ya miaka ile ilikuwa, kwa sehemu kubwa sana, kazi ya majina. Vyeo, idara, vyombo, magonjwa, elementi, sehemu za mmea: vitu vilivyohitaji kuitwa. Kwa hiyo hata kompyuta ilipoanza kujadiliwa, mjadala ulikuwa juu ya jina la mashine yenyewe. Palipendekezwa ngamizi, palipendekezwa tarakilishi, ambalo limepata makao katika shule za Kenya, na Tanzania ikabaki na kompyuta. Wino mwingi umemwagika juu ya jina hilo moja. Wakati huohuo maneno yanayotumika mara mia kwa siku mbele ya mashine si majina hata kidogo, ni vitenzi. Tena vitenzi vya kuamuru, visivyo na kiambishi cha nafsi wala cha wakati, vilivyopangwa bega kwa bega. Mbinu tulizorithi za kuunda majina hazikututayarisha kwa kazi hiyo.

Kazi yenyewe ilikuja kwa kishindo mwaka 2004. Katikati ya mwaka huo kampuni ya Microsoft ilitangaza nia ya kutoa programu zake kwa Kiswahili, ikikusudia kuwakusanya wataalamu wa lugha kutoka pande mbalimbali za Afrika Mashariki. Kabla mwaka haujaisha, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46 katika mradi wa Kilinux, ikatoa toleo la Kiswahili la OpenOffice, programu huria ya kuandikia na kupigia hesabu. Waliliita Jambo OpenOffice. Jina hilo hatukulipenda sana, kwa kuwa jambo, kwa namna hiyo, ni salamu tuwapayo watalii kuliko tunayopeana sisi kwa sisi. Lakini kazi ilikuwa kubwa, na iliwafunza wafasiri jambo ambalo kamusi haikuwa imewafunza.

Mfasiri wa programu hupewa mistari maelfu, kila mmoja peke yake, bila kuona mahali utakapokaa. Akiletewa mstari wa kufungua, huandika Fungua. Akiletewa wa kufunga, huandika Funga. Yote mawili ni sahihi, ni ya Kiswahili safi, na kamusi yoyote itakubali. Lakini siku programu inapowashwa, maneno hayo mawili hujikuta katika orodha moja, chini ya neno Faili, hatua chache kutoka moja hadi jingine. Nayo yana maana zinazopingana, na tofauti yake katika maandishi ni irabu moja. Kwa msomaji aliyezaliwa na Kiswahili, irabu hiyo yatosha. Kwa mtu anayesoma kwa haraka katika herufi ndogo, au ambaye amejifunza kusoma ukubwani, haitoshi.

Halafu ikaja taabu ya herufi ya kupigiwa mstari. Tumekwisha kusema kwamba kila neno lapaswa kuwa na herufi yake ya kuitiwa, na maneno mawili ya orodha moja hayafai kugombea herufi moja. Sasa tazama: Fungua, Funga na Futa yote yaanza na F, na neno Faili lililo juu yake nalo laanza na F. Mfasiri akisema basi achukue herufi nyingine ndani ya neno, atagundua kwamba Funga na Fungua yana herufi zilezile tano, wala hakuna hata moja iliyomo katika hili isiyokuwamo katika lile. Hifadhi na Hariri zagombea H. Hakuna kanuni ya usanifishaji iliyoandikwa katika miaka ya 1970 ambayo ingemwonya mtu kuhusu balaa hilo, maana istilahi ilipimwa kwa usahihi wa maana, ufupi na uzuri wa kutamkika. Hapa ilihitaji kupimwa pia kwa majirani zake.

Pamoja na hayo, hiyohiyo irabu u iliyoleta taabu ndiyo iliyozaa neno ambalo sisi twalihesabu kuwa bora katika kundi zima, yaani tendua. Mtu amefanya kitu, akajuta, ataka mashine irudi nyuma hatua moja. Lugha yetu tangu zamani hufanya hivyo kwa kugeuza mwisho wa kitenzi: kunja na kunjua, ziba na zibua, tega na tegua. Kutoka tenda kupata tendua ni njia ileile. Katika Rungwe neno hili halihitaji maelezo marefu, kwa sababu Kinyakyusa kina mnyambuliko ndugu yake: ukwigala ni kufunga, ukwigula ni kufungua. Mwalimu aliyetaabika kueleza kata na bandika kwa mifano ya mkasi na gundi ataona kwamba tendua hujieleza lenyewe, hata kwa mtu ambaye hajapata kulisikia. Hapa lugha za makabila, ambazo wengine huzitaja katika mikutano ya istilahi kwa heshima ya midomo tu, zilikuwa hazina ya kweli, ingawa sidhani ni wengi walioziomba ushauri.

Maneno mengine hayana bahati hiyo. Hifadhi ni neno zuri kwa kazi ya kutunza maandishi yasipotee, lakini kwa mkulima anayeishi chini ya mlima wa mita 2,960 hivi, hifadhi ni msitu usioruhusiwa kukatwa kuni. Twaamini maana hizo mbili zapatana kuliko zinavyogombana. Chapisha, kwa upande mwingine, imeleta mkanganyiko wa kweli. Kwa wengi kuchapisha ni kutoa kitabu au gazeti kwa umma. Mtu anayetaka nakala moja ya barua yake ya likizo hachapishi, anachapa. Baadhi ya tafsiri zilichukua chapisha kwa kazi ya mashine ya karatasi, na baadaye, programu za kusanifu tovuti zilipohitaji neno la kuiweka tovuti hadharani, neno lile lilikuwa limekwisha tumika. Na katika steshenari za Tukuyu, kama za Mbeya na Dar es Salaam, mteja hasemi lolote katika hayo. Asema: niprintie, toa kopi mbili, usisahau kusevu. Mwenye duka humwelewa mara moja, kwa kuwa menyu iliyo mbele yake ni ya Kiingereza.

Hapo ndipo penye uzito wa suala hili. Mtaala wa shule za msingi wa mwaka 2005 uliingiza somo la TEHAMA, likifundishwa kwa Kiswahili. Mtoto wa Rungwe aliandika katika daftari lake hariri, nakili, bandika. Kisha, shule ikiwa imebahatika kuwa na kompyuta, aliketi mbele ya kioo ambacho hakikuwa na hata neno moja katika hayo. Istilahi ilikuwapo, mwalimu alikuwapo, mashine ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuyatia maneno ndani ya mashine. Wengi walidhani kwamba mtu huyo lazima awe Marekani.

Haikuwa lazima. Twachukua mfano wa Dreamweaver, programu ya kusanifu tovuti iliyotolewa na kampuni ya Macromedia mwaka 1997, ikaingia mikononi mwa Adobe pamoja na kampuni yenyewe mwaka 2005. Katika matoleo ya miaka hiyo, menyu zote za programu ziliandikwa katika faili moja la maandishi ya kawaida, menus.xml, lililokaa katika folda ya usanidi. Mtu aliweza kulifungua kwa kiandikio chochote sahili, mradi asitumie programu yenyewe na mradi awe ameweka nakala ya akiba. Humo alikuta kila amri katika mstari wake. Aliweza kuihamisha kutoka orodha moja hadi nyingine, kuipa kifungo kingine cha mkato, kuongeza kistari cha kutenga makundi, na kulibadili jina lake. Alipoiwasha programu tena, menyu ilikuwa kama alivyoipanga. Mwalimu aliyeona Funga na Fungua zimekaribiana mno angeweza kuzitenga kwa kistari. Asiyelipenda chapisha angeandika weka hadharani. Herufi ya kuitia ilitiwa alama kwa kistari cha chini mbele yake, kwa hiyo hata ugomvi wa F ulikuwa na suluhu ya dakika tano.

Katika faili hilo kulikuwa na jambo moja ambalo twadhani kila mwanaistilahi angefaidika kuliona. Kila amri ilikuwa na vitu viwili: jina, ambalo ndilo linaloonekana kwa mtumiaji, na kitambulisho, ambacho haonyeshwi. Jina liliweza kubadilishwa upendavyo. Kitambulisho kilipaswa kubaki kama kilivyo, tena kisifanane na kingine, la sivyo mashine haikujua inaitwa nini. Basi kulikuwa na nafasi ya kuwa na majina matatu, manne, ya pwani na ya bara, ya Unguja na ya Nairobi, na amri ikabaki ileile. Ubishi mwingi uliofanyika juu ya jina moja rasmi ulisahau uwezekano huo. Hatusemi usanifishaji hauna maana. Mtumishi anayehamishwa kutoka Tukuyu kwenda Tanga hapaswi kujifunza upya menyu ya ofisi. Twasema tu kwamba mashine haikuwa imedai umoja kwa ukali ambao wengine waliudhani.

Na kazi hii ya kuipanga menyu ikufae haijapata hata sasa jina lililotulia. Wengine huandika geuza ikufae, wengine badilisha upendavyo, wengine weka mapendeleo. La kwanza ndilo tunalolielekea, kwa sababu lina mtu ndani yake: kiambishi cha ku katika ikufae ni msomaji mwenyewe.

Wakati hayo yakijadiliwa, menyu nyingine ilipanda Rungwe bila kupitia kwa kamati yoyote. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania Aprili 2008, na mkulima wa chai wa Katumba, ambaye huenda hajagusa kompyuta, akawa na menyu mfukoni: tuma pesa, toa pesa, lipa bili. Ujumbe mmoja wa namna hiyo hauwezi kuzidi herufi 182, kwa hiyo ufupi haukuwa suala la ladha. Maneno yalikuwa ya Kiswahili tangu mwanzo, kwa kuwa mtu asiyeelewa neno hupoteza fedha zake, wala si barua.

Hapa lile swali la mzee juu ya amri hupata jibu lake gumu. Tuma pesa ni amri ya mtu kwa simu. Ingiza namba ya siri ni amri ya simu kwa mtu. Umbo la kitenzi ni lilelile. Kwa Kinyakyusa mtu humsalimu mmoja ugonile, na kwa wengi au kwa mwenye heshima zake mugonile. Mzee aliyezoea kusemeshwa hivyo hupokea ingiza iliyo kavu kutoka kwa kitu anachokimiliki mwenyewe. Tafadhali ingelipunguza ukavu, lakini tafadhali ina herufi tisa. Mashauri tunayoyapendelea ni haya: amri ya mtu kwa mashine ibaki kitenzi kikavu, tuma, funga, futa, na pale mashine inapomwomba mtu, iseme kwa jina, namba ya siri, na nukta mbili baadaye. Mtu huelewa kwamba anasubiriwa.

Kuifikia menyu hiyo, mtu wa Tukuyu hupiga nyota, mia hamsini, nyota, sifuri sifuri, reli. Ile alama ya mwisho, yenye vistari viwili vilivyokatwa na viwili, haikupata kujadiliwa na wataalamu kabla watu hawajaiita hivyo, nayo yaitwa hivyo nchini kote, hata katika wilaya kama Rungwe, ambayo reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975 iliiacha kando ikapitia Mbeya.